Muulize Shangazi: Nani kaikoroga, na lini?

Mwezi uliopita niliandika, kwa kupita tu, kwamba aiskrimu inaweza kuchoka. Barua zikamiminika. Wengi mnataka kujua jambo moja: mtu aliye katika jiji kubwa lenye maduka kila kona atalipataje lile zuri? Nimechagua barua zinazogusa mambo tofauti. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyobeba nyingine zote.

Shangazi, shikamoo. Nimehamia jiji kubwa kwa ajili ya kazi. Nikifungua ramani ya simu, maduka ya aiskrimu yamejaa, na karibu yote yana nyota nne na nusu na picha za koni zilizopambwa. Nimeonja mengi. Yote ni matamu, ila hakuna hata moja lililonifanya nitamani kurudi. Lile zuri hasa nalitafutaje? – Mgeni wa Jiji

Marahaba, mwanangu. Umesema neno la kweli: yote ni matamu. Sukari ni rahisi, na sukari ndiyo inayoleta nyota nne na nusu. Mtu aliyetoka juani akapewa kitu baridi na kitamu hana ugomvi na mtu. Anapiga picha, anatoa nyota zake, anakwenda zake. Nyota hizo zinakuambia kwamba watu walifurahia siku yao, lakini kuhusu aiskrimu yenyewe zinasema machache.

Kabla ya kuandika ukurasa huu nilifanya kazi katika duka la aiskrimu, upande wa nyuma, kwenye mashine. Tangu wakati ule nikifika jiji geni sitafuti duka, namtafuta mtu anayekoroga. Nataka kujua nani kaikoroga aiskrimu hii, wapi, na lini. Ukipata majibu ya maswali hayo matatu, kazi iliyobaki ulimi wako unaiweza.

Hilo la lini ndilo watu wanalolidharau, basi nilieleze. Aiskrimu ni chembe ndogo mno za barafu zilizotawanyika katikati ya mafuta ya maziwa, sukari na hewa. Chembe hizo zikibaki chini ya mikroni 50 hivi, yaani sehemu ya ishirini ya milimita, ulimi hauzitambui. Unahisi ulaini tu. Mashine inafanya kazi mbili kwa pamoja, kugandisha na kukoroga, ili barafu isipate nafasi ya kujenga mapande. Lakini tangu dakika aiskrimu inapotoka kwenye mashine, chembe zinaanza kukua. Kabati likifunguliwa joto linaingia, zile ndogo zinayeyuka, na baridi ikirudi maji yale yanagandia kwenye zile kubwa zilizosalia. Jambo hilo linajirudia mchana kutwa, siku baada ya siku. Hiyo ndiyo aiskrimu niliyosema imechoka. Haijaoza, haitakuumiza tumbo, lakini ukiiweka kinywani inakwaruza.

Sasa simu yako. Usiiweke pembeni, ila isome kwa namna nyingine. Achana na wastani wa nyota, panga maoni kuanzia ya karibuni, kisha tafuta aliyeitaja ladha kwa jina na kueleza ilivyokuwa mdomoni: nzito, nyepesi, ina chenga, inanata, iliyeyuka haraka. Aliyeandika "tamu sana, tutarudi" hajakusaidia. Na yasome malalamiko kwa makini, maana mengine ni sifa. Anayenung'unika kwamba ladha aliyoifuata ilikuwa imekwisha jioni amekupa habari njema: pale wanakoroga kiasi wanachoweza kuuza. Anayelalamika kwamba ladha ni chache, au kwamba safari hii hakukuta stroberi, naye kakusogeza karibu. Duka dogo lenye ladha hamsini lina mabeseni mengi yanayokaa siku nyingi bila mteja. Hakuna namna nyingine hesabu hiyo inavyoweza kwenda.

Picha nazo zina maneno. Ruka za koni, tafuta picha ya kabati la kioo. Ukiona vilima vya aiskrimu vimepanda juu ya ukingo wa trei, vimechongwa mawimbi na kupambwa vipande vya matunda, jiulize kile kilima kinasimamaje. Baridi ya kabati iko chini, ndani ya trei. Sehemu iliyopanda juu imekaa kwenye hewa yenye joto zaidi. Ili isimame bila kuporomoka inahitaji hewa nyingi, au mafuta ya mboga, au unga mwingi wa kushikilia. Mtengenezaji anayeipenda kazi yake anaisawazisha iwe chini ya ukingo, au anaiweka kwenye mapipa ya chuma yaliyozama ndani ya kaunta na kufunikwa vifuniko. Waitalia wanayaita pozzetti. Mteja haoni kitu, anasoma majina tu ubaoni, na aiskrimu inakaa kwenye baridi isiyoyumba. Nikiyaona mapipa hayo moyo wangu unachangamka kabla hata sijaonja.

Kuna njia ninayoiamini kuliko simu, nayo ni kuwauliza wapishi. Mikahawa mingi mizuri haina mashine ya aiskrimu. Inanunua kwa mtengenezaji mdogo wa mjini hapo hapo. Siku utakayokula aiskrimu nzuri mkahawani, mwulize mhudumu kama wanaitengeneza wenyewe au wanaichukua wapi. Mara nyingi atakutajia jina ambalo ramani imelificha chini kabisa. Waokaji wa keki wanajua pia, kwa sababu wanafanya kazi na krimu na maziwa hayo hayo, na wanajua nani analipia vitu vizuri na nani anabania.

Kuhusu mtaa, nikiwa na mchana mmoja tu naanzia wanakoishi watu, karibu na shule na vituo vya basi vya wenyeji. Kwenye viwanja vya watalii kodi ya pango ni kubwa na mteja wa leo hatarudi kesho, kwa hiyo kumridhisha si lazima. Kwenye mtaa wa makazi mteja ni yule yule, na watoto wake. Yapo maduka mazuri katikati ya jiji, siyakatai, ila utapita mabaya mengi kabla ya kuyafikia.

Ukifika kaunta, uliza kwa upole: "Mnaitengenezea hapa hapa?" na "Ipi imetoka kwenye mashine leo?" Sikiliza jibu, na pia tazama linavyotolewa. Kijana anayejibu papo hapo, "Ya kahawa imetoka saa nne, ya vanila ni ya jana", yuko mahali ambapo kazi inafanyika mbele ya macho yake. Anayesema "zote ni za leo" huku beseni moja lina utando wa barafu juu amekujibu pia. Halafu kuna swali la tatu ambalo ni wachache wanaolijua: mchanganyiko wenyewe, ule wa maziwa, krimu na sukari, mnaupika ninyi au mnaununua? Maduka mengi hununua mchanganyiko uliokwisha chemshwa kiwandani kuua vijidudu, kisha wanatia ladha zao na kukoroga. Si udanganyifu. Mahali pengine masharti ya usafi wa maziwa ni magumu kiasi kwamba duka dogo haliwezi kufanya vinginevyo, na nimewahi kula aiskrimu nzuri mno iliyoanzia hapo. Lakini anayepika mwenyewe anaweza kubadilisha sukari kwa kila ladha, akapunguza mafuta kwenye tunda na kuyaongeza kwenye kahawa, halafu akaulaza mchanganyiko kwenye friji kwa muda wa saa nne au usiku kucha ili mafuta yagande kabla ya kukorogwa. Utaijua tofauti unapoonja ladha mbili. Kwa anayenunua mchanganyiko, ladha zote zina uzito mmoja mdomoni na kilichobadilika ni harufu. Kwa anayeupika mwenyewe, kila moja ina mwili wake.

Jambo la mwisho kwako ni saa. Wengi hukoroga asubuhi, na kila mzunguko wa mashine huchukua kama dakika kumi. Ukifika mchana kabla watu hawajatoka kazini, unakuta beseni limejaa na halijafunguliwa mara mia. Duka hilo hilo usiku wa siku ya joto ni duka jingine.

Shangazi, duka la karibu na kwangu linauza aiskrimu ya pistachio yenye kijani kikali kabisa, na mimi nikiila nasikia lozi. Mume wangu anasema ndivyo pistachio ilivyo na mimi ndiye nisiyejua. Nani mkweli? – Mpenda Njugu

Wewe ndiye mkweli, mama, ulimi wako uko sawa. Pistachio iliyosagwa ina kijani kilichofifia, kinachoelekea kahawia. Haivutii kwenye kioo. Na kwa kuwa njugu zenyewe ni ghali, wako wanaotia kidogo, au wasitie kabisa, wakaweka arki ya lozi na rangi ya chakula. Watu wamezoea hivyo mpaka ile ya kweli wanaiona kama imeharibika, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu pistachio iliyokaangwa vizuri na kusagwa laini ni mojawapo ya ladha kubwa kabisa ambazo kaunta ya aiskrimu inaweza kukupa.

Itumie rangi kama kipimo popote uendapo. Ndizi ikisagwa inakuwa nyeupe ya kijivu, haiwi njano. Mnanaa uliolowekwa kwenye maziwa kisha ukachujwa unaacha aiskrimu nyeupe, au kijani hafifu sana. Stroberi kwenye maziwa ni waridi iliyopauka. Ukikuta ndizi ya njano inayong'aa imekaa jirani ya mnanaa wa kijani cha rangi ya ukuta, usihangaike kuuliza maswali yangu ya mwanzo.

Tahadhari moja tu, kuhusu vidoadoa vyeusi vya vanila. Watu wanaviona na kuridhika. Vidoadoa hivyo vinaweza kuwa ganda la vanila lililokwisha kamuliwa ladha yake yote, likasagwa na kutiwa kwa ajili ya macho. Vanila ya kweli utaijua ukishameza: harufu inabaki, inapanda puani, na inabadilika kidogo kidogo. Ya kutengenezwa inakupiga mara moja kisha inatoweka.

Ndiyo maana nashauri kila mtu, akifika duka jipya, aanze na ladha tupu. Kama wanayo ile ya maziwa matupu, ambayo Waitalia wanaiita fior di latte, omba hiyo. Ni maziwa, krimu na sukari, basi. Hakuna chokoleti ya kufunika maziwa yaliyokaa, hakuna biskuti ya kuficha chenga. Halafu onja moja ya tunda na moja ya njugu. Anayezipatia hizo tatu mwamini kwa zote, hata zile za ajabu ajabu.

Shangazi, hivi kweli ghali ndiyo nzuri? Kuna duka linauza kikombe kwa bei mara mbili ya jirani yake na vikombe vinaonekana sawa. – Mkusanya Risiti

Viinue vyote viwili mkononi, mwanangu. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha bei.

Aiskrimu huuzwa kwa ujazo, na ujazo unaweza kuongezwa kwa hewa. Lita moja ya mchanganyiko kabla haujaingia kwenye mashine ina uzito uliozidi kilo kidogo. Sheria ya Marekani inaruhusu aiskrimu ishuke hadi kiasi cha gramu 540 kwa lita, maana yake karibu nusu ya chombo ni hewa. Mtengenezaji makini huweka hewa kidogo zaidi, mara nyingi robo ya ujazo au chini yake. Kwa hiyo kikombe cha bei mara mbili kinaweza kuwa na maziwa karibu mara mbili, na hapo hujaibiwa chochote. Kinaweza pia kuwa na hewa ile ile, chombo kizuri na taa nzuri ukutani. Mkono utakuambia.

Sikuambii hewa ni uchafu. Isingekuwepo ungepewa pande gumu linalouma meno, lisilochoteka. Kinachohitajika ni kiasi. Mafuta vilevile: sheria hiyo hiyo ya Marekani inadai mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10, na maduka yanayojivunia utajiri wa krimu hupanda hadi 14 au 16. Zaidi ya hapo mimi binafsi naona ulimi unapakwa mafuta na ladha inafunikwa.

Onja pia iliyoyeyuka, ile ya chini ya kikombe. Baridi hupunguza utamu kwenye ulimi, kwa hiyo aiskrimu yoyote ikiyeyuka inakuwa tamu zaidi. Kama iliyoyeyuka haivumiliki kwa sukari, wametegemea sukari ifanye kazi ya vitu vingine. Kama imeacha povu jepesi linalosimama lenyewe, ulikuwa unakula hewa. Ikiwa imekuwa kama krimu nzito unayotamani kuinywa, rudi hapo.

Na kuna ubaya wa aina mbili mdomoni ambao watu wanauchanganya. Chenga za barafu ni baridi na zinayeyuka haraka. Zinakuambia kwamba aiskrimu imechoka au ilipata joto njiani. Lakini ukihisi mchanga mchanga usioyeyuka upesi, hiyo ni sukari ya maziwa yenyewe iliyojigandisha, na mara nyingi chanzo chake ni maziwa ya unga kutiwa kwa wingi. La kwanza linaweza kuwa bahati mbaya ya siku hiyo. La pili liko kwenye mapishi, na ukirudi utalikuta.

Shangazi, nilisimama kwenye foleni ndefu ya duka ambalo kila mtu analizungumzia, nikapewa koni yenye chenga. Ninyi mnaosifia foleni mna maana gani? – Miguu Inauma

Pole, mwanangu. Mimi foleni siisifu wala siidharau; inasema jambo moja tu, kwamba mabeseni yanaisha haraka. Hilo ni jema. Lakini duka likizidiwa na watu, kabati halifungwi, na wengine hutoa mabeseni kwenye mashine na kuyapeleka kaunta kabla hayajakaa kwenye baridi kali ya kugandisha hadi ndani. Aiskrimu iliyogandishwa polepole baada ya kutoka kwenye mashine inajenga chembe kubwa. Nenda tena siku ya kazi, mchana, siku ya mawingu kama ikiwezekana. Ukikuta chenga tena, basi umemalizana nao.

Ukiwa kwenye foleni tumia macho. Tazama vijiko vya kuchotea vinakaa wapi. Kama ni kwenye chombo chenye maji yanayotiririka, vizuri. Kama ni kwenye ndoo ya maji yaliyosimama tangu asubuhi, yamegeuka rangi na vipande vya ladha zote vinaelea, ondoka, na wala usione haya. Zaidi ya uchafu, kijiko kinachotoka majini bila kukung'utwa kinaacha maji ndani ya beseni, na maji hayo ndiyo barafu utakayoitafuna kesho yake. Na ile harufu ya koni zinazookwa, inayokuvuta tangu kona ya pili, ifurahie, lakini inakusifia koni peke yake.

Shangazi, naomba unitofautishie: aiskrimu ya kawaida, gelato, na ile laini inayotoka kwenye mashine kwa kuzunguka. Ipi ni bora? – Mwanafunzi

Hakuna iliyo bora kwa jina lake. Gelato ina mafuta machache, mara nyingi asilimia 4 hadi 9, ina hewa kidogo, na huhudumiwa ikiwa na nyuzi kama 12 chini ya sifuri, wakati friza ya nyumbani huwa kwenye 18 chini ya sifuri. Kwa kuwa haina baridi kali na mafuta hayajaufunika ulimi, ladha inakufikia haraka na kwa nguvu. Aiskrimu ya krimu ina utajiri, inakaa mdomoni, na ikitiwa viini vya mayai inakuwa na uzito ninaoupenda kwa vanila na kahawa. Ile laini inatoka kwenye mashine ikiwa na nyuzi kama 6 tu chini ya sifuri, haijapita friza kabisa, kwa hiyo chembe zake hazijapata muda wa kukua. Wapenda aiskrimu wengi huidharau. Mimi siidharau, penye mchanganyiko mzuri na mashine safi ni kitu kitamu sana.

Jina "gelato" kwenye kibao halithibitishi lolote, mtu yeyote anaweza kuliandika. Ukiwa kwenye jiji lenye watu wa kila taifa tafuta pia dondurma ya Waturuki, inayotiwa unga wa mizizi ya okidi uitwao salep na utomvu wa mastiki. Inavutika, inatafunika, na inachelewa kuyeyuka, kwa hiyo kipimo changu cha kuyeyuka usikitumie hapo. Na ukisoma kwenye kibandiko kwamba kuna unga wa guar, wa karobu au wa mwani, usiogope. Mbili za kwanza zinatoka kwenye mbegu, ya tatu kwenye mwani wa baharini, na kwa kiasi kidogo zinashika maji yasikue kuwa chenga. Zikizidi ndipo aiskrimu inakuwa kama gundi.

Shangazi, mimi maziwa hayanipatani, na mke wangu hali chochote chenye nguruwe wala pombe. Tunapitwa na maduka yote. – Baba wa Nyumba

Hampitwi, baba. Kwako kuna sorbeti: tunda, maji na sukari. Tena ni mtihani mkubwa wa mtengenezaji, kwa sababu hakuna mafuta ya kumsaidia. Sorbeti ya limau iliyo laini, isiyo na chenga, inayokukumbusha ganda la limau na si sukari, imetoka mikononi mwa mtu anayejua hesabu zake. Uliza tu kama haina maziwa, maana baadhi ya maduka hutia kidogo ili kulainisha. Kama ni mzio wa hatari na si tumbo kusumbua tu, omba wachote kwa kijiko kilichosafishwa na kutoka kwenye beseni jipya. Duka linalonuna kwa ombi hilo halikufai.

Kwa mama, maswali ni manne. Je, kuna jelatini, na ni ya mnyama gani? Je, ile dawa ya kuunganisha mafuta na maji, inayoandikwa E471, imetoka kwenye mimea au wanyama? Je, rangi nyekundu ni E120? Hiyo hutokana na wadudu, na wengine hawaitaki. Na je, arki ya vanila ni ya pombe? Arki nyingi za vanila huandaliwa kwa pombe. Hukumu ya kiasi kinachobaki waulizeni wenye elimu ya dini, mimi siwezi kuwatolea. Lakini orodha ya vilivyomo ni haki ya mteja, na mtengenezaji anayepika mwenyewe ataijibu kwa moyo mmoja.

Shangazi, nina mimba na hamu yangu yote ni ile aiskrimu laini ya mashine. Mama mkwe ananikataza. – Mwenye Hamu

Safari hii msikilize mama mkwe, binti yangu, na umuulize daktari wako. Kuna bakteria aitwaye Listeria anayezaliana hata kwenye baridi ya friji, na kuganda hakumuui. Kwa mjamzito ni hatari zaidi kuliko kwa watu wengine. Mchanganyiko wa aiskrimu laini unakaa kwenye tangi la mashine ukiwa majimaji, na mashine isiposafishwa ipasavyo anapata mahali pa kukua. Mashine hiyo wewe mteja huwezi kuifungua ukaikagua. Kwa sasa chagua iliyoganda vizuri, ya maziwa yaliyochemshwa, kutoka duka safi. Hamu ya ile laini itasubiri.

Shangazi, nimepata duka zuri mno, liko mwisho mwingine wa jiji. Naifikishaje nyumbani? – Msafiri wa Basi

Hongera, hiyo ni shida nzuri kuwa nayo. Waambie tangu mwanzo kwamba unasafiri nayo, ili wakuchotee kutoka friza ya nyuma iliyo na baridi kali badala ya kabati la mbele. Chombo kijae hadi juu, kwani nafasi iliyobaki huingiza hewa na kujenga barafu. Beba mfuko wa kuhifadhi baridi, na duka lifanye la mwisho katika mizunguko yako. Maduka mengine huuza au hutoa barafu kavu, ambayo ni kaboni dayoksaidi iliyoganda kwa nyuzi 78 hivi chini ya sifuri. Usiishike kwa mkono mtupu, usiifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa, na ukipanda gari dogo fungua dirisha.

Ukifika, laza karatasi ya kuokea juu ya aiskrimu igusane nayo kabisa, funika, isukume ndani kabisa ya friza mbali na mlango. Iliyoyeyuka usiigandishe tena. Inywe hivyo hivyo ikiwa bado baridi, au imwagie kwenye matunda. Siku ya kuila, itoe dakika kumi kabla, kwa sababu friza yako ina baridi kuliko kaunta yao na ulimi hautasikia kitu. Na uile ndani ya wiki.